Nilivyoandika Fomu ya Baba

Baba alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia nikiwa Kidato cha Pili. Alifanya kazi Athi River, kwenye kiwanda cha bawaba za milango, na kila Jumamosi alikuja nyumbani, huku kwetu Wamunyu. Wiki ile hakuja. Tulimpata hospitalini, bendeji mpaka kwenye kiwiko, akimuuliza Mama kama ng'ombe amezaa.

Ile mashine iliyomkata niliijua bila kuiona, kwa vile Baba alikuwa ametuelezea. Unaweka bati, unafinya batani mbili, moja kwa kila mkono, ndipo chuma kinashuka. Mkono mmoja ukiwa kwingine, mashine inakataa. Lakini hiyo ni polepole, kwa hivyo wafanyakazi wote walikuwa wanasukumia njiti ya kiberiti kando ya batani ya kulia ili ibaki imezama. Hapo mkono wa kushoto unafinya, wa kulia unalisha bati. Wiki yake ya kwanza, supavaiza alimpa kiberiti kizima akamwambia, "Wewe huvuti sigara, hizi ni za kazi tu." Baba alitusimulia akicheka.

Supavaiza ni mtu wa kwetu, tunasali naye kanisa moja. Ndiye alimwingiza Baba kazini ule mwaka mahindi yalikaukia shambani.

Baba aliporudi nyumbani alitaka jambo moja: wamchukue tena. "Hata kama ni kufungua geti. Geti inafunguliwa na mkono mmoja."

Jumapili moja baada ya ibada supavaiza alikuja na mkate, sukari na fomu ya ajali.

"Mzee, umekonda. Kule hospitali wanapika ama wanaonyesha tu?"

"Wanaonyesha," Baba akasema. "Na ukichelewa, huonyeshwi."

Walicheka. Halafu fomu ikawekwa mezani. Ilikuwa ya Kiingereza, na pale katikati kulikuwa na mistari mitupu ya kueleza ajali ilivyotokea.

"Kuja, mwaitu," Baba akaniita. Ananiita mama yake kwa sababu nina jina la mamake. "Wewe ndiye uko na Kiingereza."

"Andika tu ukweli," supavaiza akasema. "Kampuni inataka ukweli."

Baba akasema niandike kwamba aliweka njiti kwenye batani. Nikaandika.

"Uliiweka mwenyewe?" supavaiza akauliza, akikoroga chai.

"Mwenyewe."

Niliinua kalamu. Nilitaka kuuliza, na kile kiberiti? Lakini mimi ni yule mtu darasani anajua jibu na anaangalia dawati mpaka mwalimu apite. Nilimtazama Baba. Yeye alikuwa anatazama mkate. Nikaandika kwamba aliiweka mwenyewe, na sahihi akaweka kwa dole gumba la kushoto.

"Huyu msichana ana mwandiko," supavaiza akasema. Sitadanganya, nilifurahi.

Barua ilikuja tukiwa tumefunga shule. Niliisoma kwanza peke yangu, nikatamani kusema sijaielewa. Kampuni ilisema kwamba kwa maelezo yake mwenyewe, Baba ndiye aliyeichezea mashine, kwa hivyo haitamlipa chochote na haina kazi yake tena. Nilimsomea kwa Kiswahili. Akaniambia nirudie, polepole.

"Hata geti?"

"Hawajataja geti, Baba."

Mama akamwambia aende kwa supavaiza leo leo. "Aende kwa kampuni aseme kwamba ndiye aliwafundisha kuweka njiti."

"Aseme, halafu na yeye afutwe? Ako na watoto."

"Na wewe uko na nini?"

Baba alikaa, mkono umelala kwenye paja kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa ashike. Kisha akaniuliza kama mtu anaweza kuandika fomu mara ya pili. Nikasema sijui, lakini tunaweza kuandika barua. Nikachana karatasi kutoka katikati ya daftari la hesabu.

"Andika tarehe kwanza," akasema.

Nikaandika tarehe. Nikaandika kwa meneja. Nikaandika kwamba huyu ni fulani aliyeumia. Halafu nikangoja aniambie mstari unaofuata. Alifungua mdomo mara mbili. Kuku waliingia, wakatoka. Mimi ningeuandika mwenyewe ule mstari wa kiberiti, niliujua wote, lakini haukuwa wangu.

Mama alikuja na sahani, akasema anataka meza.