Bawa la Pili

Mie shule niliishia la nne, lakini nyumba yangu ya Mbweni hata wenye digrii huja kupiga picha getini. Uani nafuga bata. Jana mke wangu kanipa mkasi nimpunguze manyoya bata mmoja anayeruka ukuta. Nilipompakata, yale manyoya mabichi yakaninukia uwanja wa bibi yangu, kule Chang'ombe.

Bibi alikuwa na bata mmoja tu, na mayai yake ndiyo yaliyotununulia sukari. Alimkata manyoya ya bawa la kulia ili asiruke. Bata kila akijaribu anakwenda upande, anaanguka matopeni. Nikamwonea huruma. Bibi alipokuwa anaswali, nikachukua mkasi nikakata na la kushoto, yawe sawa.

Asubuhi bata akatimua mbio, akapiga mbawa, akapita juu ya mabati yetu na kuvuka ukuta wa kiwanda. Hatukumwona tena.

"Nani kamkata upande wa pili?"

"Mie, bibi. Alikuwa anaanguka."

Nikafumba macho nikingoja kofi.

"Ewe mume wangu," bibi akasema, "ndege huruka kwa mizani. Mie nilimwibia, wewe umemrudishia!" Akanivuta kifuani, akacheka mpaka khanga ikalowa machozi. Siku ile chai tuliinywa bila sukari.

Jana nilipomaliza bawa la kulia, mke wangu akanyoosha mkono nimrudishie mkasi.

"Subiri," nikamwambia. "Bado la kushoto."