Goti Lisilouma

Goti la Mutanu liliacha kuuma, na hapo ndipo hofu ilipoanza.

Alikuwa nyota wa mpira wa kikapu katika timu ya polisi mjini Nyeri, konstebo aliyeandikwa kazi kwa sababu ya kuruka kwake. Ukano wa goti ulikatika kwenye mechi Nanyuki, alipotua kwa mguu mmoja. Madaktari wakatoa ukano mwingine pajani mwake na kuushona ndani ya goti. Mtaalamu wa mazoezi alimwonya: miezi hii ukano huo ni dhaifu kuliko siku ya upasuaji, hata kama husikii maumivu. Akiteleza tu, kazi yote ni bure. Asipocheza tena atapangiwa lindo kama askari yeyote. Lindo hakuliogopa. Lakini tangu utotoni huko Mwingi watu walimjua kwa kuruka, naye hakuwa na kingine cha kujulikana nacho.

Kina mama wa kanisa lake walikuwa wamefunga na kumwombea, wakiongozwa na Mama Khisa, mwalimu aliyehamia kutoka Bungoma. Mutanu alimwambia, kwa uungwana tu, kwamba haumwi tena. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Jumapili, katikati ya wimbo, Mama Khisa aliyachukua magongo ambayo Mutanu alikuwa akitembelea, chini ya kiti, akayapeleka madhabahuni akicheza, na kanisa zima likapiga makofi.

"Konstebo wetu aliingia hapa na miguu nne," mchungaji Moffat akasema kwenye kipaza sauti. "Leo atatembea na mbili."

Watu wakacheka. Mutanu akaanza kuinuka. Wangechi, mchezaji mwenzake, akamvuta mkono.

"Kaa chini, wewe. Ati unaona aibu? Siku ya kupasuliwa tena hawa hautawaona."

Alitaka kukaa. Lakini Mama Khisa alikuwa akilia kwa furaha, naye ndiye aliyempelekea uji hospitalini na kumwosha miguu. Mutanu akasimama. Hatua ya kwanza, ya pili. Sakafu ilikuwa imepigwa rangi ya kung'aa. Kisigino kikateleza kidogo tu, upana wa kidole, na ndani ya goti kitu kikalia tik.

Hakuna aliyesikia. Wala hakikuuma.

"Mama," akasema, "nirudishie magongo yangu."

Mama Khisa akatabasamu, akidhani ni utani. "Si goti imepona, mwanangu?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana naogopa."

Wimbo ukafifia safu kwa safu. Mama Khisa akayaleta mwenyewe, akamwekea kwapani moja baada ya jingine, akamuuliza kama anaumwa. Mutanu akatikisa kichwa. Laiti angeumwa, angejua kama kuna kilichokatika. Akajaribu kulikunja goti polepole, akafika nusu, akaacha hapo, kumalizia hakuthubutu.