Majani Niliyomsifia Shemeji

Nilikosa, na nilikosa nikijua. Sitafuti kisingizio.

Wakati ule wa vita nilikuwa nafundisha akina mama lishe hapa Butembo, upande wa Vulamba. Niliwaeleza polepole: majani mabichi, nyanya na vitunguu vyekundu vina vitu vinavyolinda ini, kama mafuta yanavyolinda panga lisishike kutu. Ini lililochakaa ndilo kansa hulipenda. Lakini karanga zenye ukungu zina sumu ya ini, na hakuna jani linaloifuta. Ukiziona, tupa!

Kila nyumba ilikuwa na shimo migombani. Tulifukia karanga humo askari wasizipore. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, aliwaonyesha letu ili wasiguse lake. Walimpiga mume wangu mpaka jicho moja likapofuka. Jicho la mtu, kwa magunia mawili!

Miezi ikapita. Shemeji akaja kwangu, macho ya njano.

“Shemeji, docteur anasema maini yangu iko mubaya. Na karanga ya mu shimo imeshika ukungu. Tukule ao tutupe?”

Moyo wangu ulicheka.

“Kutupa? Na hii njaa? Osha, twanga, pika na majani mingi ya uchungu. Majani itasafisha yote.”

“Kweli shemeji, uko na roho muzuri!”

Alipofika mlangoni akageuka. “Na mama naye akule?”

Mama mkwe alikuwa anaishi kwake. Mama aliyeniogesha na kunipikia uji kila nilipojifungua! Ningesema hapana, shemeji angenishtukia.

“Akule,” nikasema.

Eh, Mungu wangu! Walikula gunia zima. Vita haijaisha, mama akavimba tumbo. Daktari wa Beni akasema ni kansa ya ini. Kama ni zile karanga, ama alikuwa nayo tangu zamani, hakuna awezaye kuniambia. Na shemeji? Yuko, ananenepa! Mpaka leo sijamsamehe.

Nilimwambia mume wangu tulipotoka makaburini kumzika mama. Hakunipiga, hakunifukuza. Ila tangu siku ile ananusa kila sahani ninayomtengea.

Wapendwa, kuleni majani, yanasaidia. Karanga za ukungu tupeni, hata kwa njaa. Na ukiwa na kisasi, mkabili mtu wako uso kwa uso, mtukane mbele ya ukoo wote! Usikipitishe chunguni. Chungu hulisha yeyote aliyeketi karibu.