Mama Kadi na Shahidi wa Tatu

Saa mbili asubuhi, Mama Kadi ameshasimama mara nne. Anakaa, anavuta droo, anatazama kadi tatu, anaisukuma droo, anasimama tena.

"Kiti hiki leo kina misumari," anasema.

Kwa miaka kumi na tisa amekusanya maneno ya kamusi, ndipo akapata jina hilo. Sheria ya ofisi ni fupi: neno geni haliingii bila mashahidi watatu wasio ndugu wa mkusanyaji, kila mmoja na kadi yake.

Neno linalomnyima raha ni "kipunjo". Alilisikia kwa bibi yake, mshonaji: uzi unaobaki sindanoni, mfupi mno kushonea, mrefu mno kuutupa. Bibi alilalamika kwamba uzi huo humpunja, na mjukuu anaamini jina lilizaliwa hapo. Uzeeni bibi aliliongezea maana nyingine: zile dakika za mlangoni, mgeni ameaga lakini hajaondoka.

Kamusi inakwenda kiwandani kuchapwa Ijumaa. Jana, Jumanne, alikwenda kuhakiki kadi ya fundi cherehani, shahidi wa tatu.

"Neno hili ulilipata kwa nani?"

"Kwako, dada," fundi akajibu, macho kwenye kitambaa. "Si ulikuja mwaka juzi ukaniuliza kama nalijua? Nikalipenda. Hata jirani yangu nimempa."

Jirani ndiye shahidi wa pili.

Mkusanyaji huonyesha kitu, kisha hunyamaza. Neno lenyewe halitaji; humwachia shahidi alitaje. Siku ile alikuwa na haraka. "Mdomo wangu ndio ulioniponza," anasema.

Angeweza kukausha tu, asimwambie mtu, na mkuu wake angetia saini. Lakini kadi mbili zimepigwa mstari mwekundu, kwa mkono wake mwenyewe; imebaki moja. Imemuuma. "Ni kama kumzika bibi mara ya pili."

Alimpigia simu mama yake, aliyecheka kwanza.

"Mimi nalijua tangu sijakuzaa. Niandike mimi."

"Mama, wewe ni ndugu."

"Basi undugu nao ni hasara."

Sasa anafunga mkoba. Ndani mna sindano yenye uzi wa urefu wa kidole. Mpaka kesho jioni atazunguka kwa mafundi wa upande wa pili wa mji, ambako hajawahi kuuliza. Ataonyesha, atafunga mdomo.

Na wasipolijua?

Anatulia kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

"Litasubiri toleo lijalo. Bibi hakuutupa uzi huu. Mimi ni nani niutupe?"