Jumatatu Aliyoiombea Ruhusa

Kiwandani walimwita Mama Chiriku, kwa sababu ya binti yake ambaye tangu alipoanza kutamka hakuwahi kujua kunyamaza. Kazi yake ilikuwa kukanda na kukata unga katika kiwanda kidogo cha mikate kilichojibanza nyuma ya duka la vyombo. Alitoka nyumbani jua halijachomoza, akarudi mchana nguo zikinuka hamira na unga umemganda kwenye nyusi. Mumewe, fundi rangi, ndiye aliyemwamsha mtoto, akamlisha na kumwacha kwa jirani kabla ya kwenda kwenye nyumba za watu.

Mama Chiriku hakusoma sana. Alitolewa shule mapema ili alee wadogo zake, na jambo hilo lilibaki limemkwama kooni. Alipojua kwamba mwaka unaofuata Chiriku angeingia chekechea, alitia nia kwamba mtoto huyu hataingia darasani akiwa mgeni wa kila kitu. Tatizo, hakujua aanzie wapi. Akampigia simu wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuwa mwalimu wa chekechea katika mji wa jirani.

"Wifi, nifundishe namna ya kumfundisha," alimwambia.

Wifi alicheka kwa furaha. Hakuwa amejaliwa mtoto, na watoto wa wengine aliwajua ndani nje. "Usimkalishe ukamkaririsha kama kasuku," alisema. "Ongea naye. Mkikunja nguo, akutafutie soksi zinazofanana. Mkiandaa meza, agawe sahani, kila mtu na yake. Msimulie hadithi, halafu umuache yeye aimalizie, hata akiiharibu."

Basi ikawa hivyo. Mama Chiriku akirudi kazini, badala ya kujitupa kitandani, alinyunyiza unga kidogo kwenye trei kuukuu na mtoto akachora herufi kwa kidole. Herufi ikikosewa, trei ilitikiswa, kazi ikaanza upya bila kelele. Alimfundisha kufunga vifungo, kufungua kopo lake la chakula, kusema "nahitaji kwenda chooni" bila kusubiri mambo yaharibike. Chiriku alimaliza hadithi zote kwa namna moja: mnyama yeyote, awe simba au kuku, mwishowe alienda kulala kwa mama yake.

Jioni nyingi wifi alipiga simu kuuliza mtoto amefikia wapi, na Mama Chiriku akamweleza yote bila kuficha. Alimwambia Chiriku anavyotambua herufi za jina lake. Alimwambia na yale ambayo hakuwaambia wengine: kwamba darasa la shule ya mtaani kwao limejaa watoto, kwamba siku nyingine anarudi amechoka mpaka mtoto anaongea naye amesinzia, kwamba anaogopa kuwa hatoshi. Wifi alimsikiliza kwa upole na kumwambia, "Unajitahidi sana, wifi yangu." Maneno hayo yalimpa nguvu kuliko mshahara.

Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu. Mama Chiriku alikuwa amemwahidi binti yake kwamba siku hiyo hatapelekwa na baba wala jirani. Atampeleka yeye, mkono kwa mkono, mpaka mlangoni. Alimwomba bosi ruhusa mapema. Bosi alikuna kidevu, akasema sawa, lakini Jumapili afanye kazi badala yake.

Jumapili hiyo alifanya kazi huku akiimba. Aliporudi mchana alimkuta mumewe amekaa kizingitini akisafisha brashi ambazo zilishatakata. Ndani kulikuwa kimya. Kimya katika nyumba ile hakikuwa kitu cha kawaida.

"Mtoto yuko wapi?"

"Dada alipita asubuhi," alijibu mumewe bila kuinua macho.

Mama Chiriku aliingia chumbani. Viatu vipya vya shule havikuwepo. Begi halikuwepo. Sanduku la nguo za mtoto lilikuwa wazi, na ndani yake mlibaki sweta lililokuwa limeshambana. Alirudi mlangoni.

"Amempeleka wapi?"

"Kwake. Ataanza shule pale kwao. Darasa lake lina watoto wachache, na atakuwa chini ya macho ya dada kutwa nzima. Ni mwaka huu wa kwanza tu, halafu tutaona."

"Tutaona na nani? Lini mlikaa mkaamua?"

Mumewe aliweka brashi chini. "Tumezungumza muda sasa. Ningekuambia, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana," alisema, na kwa namna alivyolisema ilionekana kweli aliamini kuwa hilo ni jibu.

Mama Chiriku alimpigia simu wifi yake. Alipokea mara moja, kama aliyekuwa akingoja.

"Wifi, usichukie," alisema kwa sauti ileile ya upole. "Wewe mwenyewe umeniambia darasa la huko limejaa. Umeniambia unarudi hujiwezi kwa uchovu. Umesema hutoshi. Mimi nimekupunguzia mzigo."

Hapo ndipo alipohisi amevuliwa nguo hadharani. Maneno aliyokuwa akiyatoa moyoni, akidhani anampa ndugu, yalikuwa yamewekwa akiba, na leo alikuwa akipigwa nayo. Zile simu za jioni hazikuwa za kumjulia hali. Alikata bila kujibu, kwa sababu alijua akifungua mdomo atalia, na hakutaka wapate na hilo la kumsema.

Jumapili mabasi ya kwenda mji ule yaliisha kabla ya saa sita. Jumatatu asubuhi, badala ya kutembea na binti yake, alipanda basi la kwanza peke yake, amevaa gauni alilokuwa ameliandaa kwa siku hiyohiyo. Mumewe alimfuata mpaka kituoni akimsihi asubiri walau wiki moja, asije akamchanganya mtoto. 

Chekechea ya wifi ilikuwa safi, kuta zimechorwa maua na magari. Mlinzi wa getini alimuuliza anamtafuta nani.

"Nimemfuata binti yangu. Mimi ni mama yake Chiriku."

Mlinzi alimtazama juu mpaka chini, si kwa dharau, ila kwa mshangao. "Yule mtoto wa mwalimu? Sisi tuliambiwa mama mzazi alishindwa, mtoto ameachiwa mwalimu moja kwa moja."

Alimshukuru, akapita. 

Dirishani aliwaona watoto wameketi mkekani wakipiga makofi. Chiriku alikuwa pembeni, mikono mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa amenyamaza tu, na hicho ndicho kilichomkata mama yake maini. Alipoingia, mtoto alimwona, kisha akageuza uso ukutani.

Mama Chiriku alichuchumaa. "Mama, nimekuja."

"Ulisema utanipeleka wewe," alisema Chiriku akiongea na ukuta.

"Nilisema."

"Shangazi alisema umekubali. Nikamwambia mama hajaniaga. Akasema unaona uchungu kuniaga."

 Mama Chiriku alitamani kumwambia mtoto kila kitu, nani kafanya nini. Akasema tu, "Sikukubali, na sikujua. Ningejua, ningekuaga. Leo tunarudi nyumbani."

Wifi aliwafuata kwenye varanda, akiwa ameshika begi la mtoto kifuani. Macho yalikuwa mekundu.

"Unamharibia," alisema. "Kila anachokijua amekijua kwa sababu yangu. Nilikuwa namfundisha kupitia kwako. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu kabla hajaja hapa."

"Mimi nilidhani naongea na wifi yangu," alijibu Mama Chiriku. "Kama ungeniambia unamtaka, tungelia pamoja. Likizo ningekuletea mwenyewe. Ukachagua kunizunguka."

 Mama Chiriku alinyoosha mkono, akangoja, mpaka begi likaachiwa.

Kesho yake alimpeleka chekechea ya mtaani. Darasa lilikuwa limejaa kweli, na mwalimu alikuwa binti mwenye sauti iliyokwisha kukauka siku ya pili tu ya mwaka wa masomo. Chiriku aling'ang'ania gauni la mama yake kwa mikono miwili. Mzazi mmoja alinong'ona, "Subiri apewe mwanasesere, halafu uchomoke kimyakimya."

"Hapana," alisema mwalimu. "Muage. Mwambie utarudi baada ya nini, na urudi kweli."

Akamwambia: watacheza, watakula, wataimba wimbo wa kufunga, na wimbo ukiisha atamkuta getini. Mtoto alilia mpaka akakohoa. Mama Chiriku aliondoka akisikia kilio kile hadi mwisho wa barabara, na mchana, kabla wimbo haujaisha, alikuwa ameshafika getini. Ili aweze kuwahi, alibadilishana zamu na mwenzake mmoja kiwandani, akawa anaingia alasiri kufunga mikate, kazi aliyoichukia.

Nyumbani mambo hayakurudi yalivyokuwa. Alipotoa trei na unga, Chiriku aliisukuma. "Herufi ni za shangazi," alisema. Hata jina lake hakutaka kuliandika. Mama Chiriku aliumia kuliko alivyoumia kituoni na getini, maana waliyoyajenga wawili wao yalikuwa yamechukuliwa hata baada ya mtoto kurudi. Akairudisha trei kabatini na kuacha kumfundisha. Wakafua, wakapanga vyombo, wakaenda sokoni, wakazungumza. Kila asubuhi mtoto aliuliza, "Leo nalala wapi?" naye akajibu, "Nyumbani, kitandani kwako," bila kuchoka, hata alipochoka.

Mvua zilikuwa zimeanza walipopita mbele ya kinyozi na Chiriku akasimama ghafla. Alikuwa akitazama kibao. "Ile ni ya kwangu," alisema, akionyesha herufi ya kwanza. "Na ile. Kinyozi ameiba mbili." Mama yake alicheka mpaka akalazimika kuweka kikapu chini. Tangu hapo mtoto alianza kuzitafuta herufi zake kila mahali, kwenye mifuko ya sabuni, kwenye magari, kwenye fulana ya baba yake.

Baba yake aliomba radhi mara nyingi. Alianza kuwahi kurudi, akamchongea mtoto kigoda cha kusomea, akakipaka rangi mbili. Siku moja, wakati Chiriku amekikalia, alimuuliza mkewe kama bado ana kinyongo.

"Kwa yale uliyomfanyia mtoto, nimekusamehe," alisema Mama Chiriku, akiendelea kukunja nguo. "Kwangu mimi, bado. Usinihimize."

Mumewe aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta upande wa pili wa shuka, wakalikunja pamoja.