Siku Mchumba Wangu Alipojipaka Rangi ya Bloki

Watu wakiniuliza niliolewaje, huwa nacheka kwanza. Mume wangu hapendi nicheke. Shauri yake.

Enzi hizo za Mjerumani alikuwa mtu wa injini ya kuvuta maji pale stesheni ya Dodoma. Siku ng'ombe wa mahari yangu walipokuwa njiani kutoka Haneti, ndiyo siku injini ilipogoma. Mjomba wangu wa Mkonze alikuwa amekaa kando ya birika la kunyweshea mifugo, anawangoja. Mjomba yule, usiombe! Alishasema wazi: ng'ombe wakifika wamesinyaa kwa kiu hapokei hata mkia, na mimi ananipeleka kwa jirani yake, mzee asiye na meno na mwenye wake watatu. Nilisimama kwenye foleni na mtungi mtupu, roho juu.

Fundi mkuu, Mjerumani, akaifungua injini. Bloki, kile chuma kikubwa ambamo pistoni hupanda na kushuka, ilikuwa imeliwa na kutu pale juu inapokutana na kifuniko chake. Vishimo na mikwaruzo tupu. Pumzi ilikuwa ikitorokea hapo, basi injini inakohoa tu na maji hayapandi.

Kiswahili chake alikipata kitabuni. Akamwambia mchumba wangu, "Uso, paka rangi nyekundu. Laza juu ya bamba la chuma. Sugua polepole." Kisha akaenda kutafuta kiberiti cha kiko chake.

Sasa, kwetu Wagogo kijana mwenye sherehe hujipaka mafuta na udongo mwekundu. Mwenzangu akaona, loo, kumbe huyu mzungu ana adabu, amejua leo wakwe wako hapa! Akachota rangi, akajipaka kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Akapiga magoti, akalaza shavu juu ya bamba, akaanza kusugua. Polepole, kama alivyoagizwa.

Nikamwita, "We! Unafanya nini?"

"Nyamaza, niko kazini."

Fundi akarudi, macho yote kwenye kiko. Akaweka kisu cha kukwangulia chuma mezani. "Vizuri. Sasa palipoinuka, kwangua."

Mchumba wangu akasimama taratibu. Akaishika pua yake. Pua yenyewe ni ile waliyoirithi wanangu wote, masikini. "Bwana," akasema, "hii nimezaliwa nayo."

Mjerumani akageuka, kiko kikamdondoka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Uso wa bloki! Bloki!"

Basi wakaipaka bloki rangi kidogo, wakasugua bamba juu yake. Palipoinuka rangi ikafutika, wakapakwangua, wakapaka tena, wakakwangua tena, mpaka pote pakawa sawa. Kifuniko kikarudishwa. Injini ikanguruma, maji yakamwagika birikani, na ng'ombe hao wanaingia na vumbi lao. Nililia, siwafichi.

Mjomba aliwatazama wakinywa hadi matumbo yakajaa. "Nimewapokea," akasema. Kisha akamkazia macho yule mwekundu wangu.

"Lakini mpwa wangu, mtu huyu akiambiwa neno analifanya vilevile, hata haulizi. Utakaa naye kweli?"

"Mjomba, tafadhali, sema chinichini," nikamwambia. "Wanawake wa kwenye foleni wakisikia, watanipora mchumba."