Kamba Iliyozungushwa Vizuri Mno

Hebu mfikirie anavyofika. Kwanza unasikia mngurumo wa gari kuukuu la kijani, lenye miguu mirefu, linakuja polepole kama mtu aendaye msibani, hata kama watu wanalipungia mikono likimbie. Linasimama mbali kidogo. Mlango unafunguka, kinatangulia kiatu cha mpira chenye viraka, kisha mwenyewe: mwanamke mfupi, mpana wa mabega, glovu za ngozi kazichomeka kiunoni. Anasalimia watu wote kabla hajalitazama gari lililokwama. Anauliza nani ameumia. Halafu anachutama, anachukua udongo, anaufinya kati ya vidole, na hapo ndipo anaposema neno lake la kwanza la kazi: kila mtu arudi nyuma, kamba ikishafunguliwa hataki kuona hata kuku karibu yake.

Wanamwita Kapi, kwa sababu ya kile kigurudumu cha chuma chenye mfereji ambacho kamba hupitishwa ili nguvu iongezeke maradufu. Hakosi kuwa nacho garini. Kazi yake ni kuvuta magari yaliyokwama matopeni, mitaroni, mchangani, popote dereva alipojiona fundi kuliko barabara.

Chombo chake cha kazi ni winchi, mashine yenye ngoma ya kukunjia kamba, iliyofungwa mbele, kwenye bampa. Hii ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya waya wa chuma, na siku moja waya ule ulikatika, mkia wake ukapita hewani ukafagia kioo cha pembeni, pale pale ambapo mumewe alikuwa ameegemeza kiwiko kabla hajainama kufunga kamba ya kiatu. Mumewe ni fundi wa kuchomelea, mtu asiyeogopa moto. Siku ile alikaa chini na hakuinuka mpaka alipoletewa maji.

Kwa hiyo Kapi alipokwenda dukani kutafuta nyingine alikuwa anajua anachokikimbia. Muuzaji alimtolea moja inayong'aa, yenye kasi, akaisifia mpaka jasho likamtoka. Kapi akamwambia kasi hana haja nayo, gari likikwama halina miadi. Alichotaka kujua ni uzito. Akajumlisha kwa sauti: gari lenyewe, tangi likiwa limejaa, vyuma vya mumewe nyuma, halafu juu ya hapo nusu nyingine, maana tope nalo lina mikono, linashika. Akachagua ile ya pembeni, nzito, nyeusi, ya mwendo wa kinyonga. Na badala ya waya akataka kamba ya nyuzi.

Muuzaji alikuwa anaijua kazi yake. Akamwambia kamba hii ikikatika huanguka chini kama mtu aliyezimia, hairuki kama nyoka. Lakini ina madeko. Haitaki mchanga, haitaki jua kali, haitaki ncha ya jiwe. "Na zaidi ya yote, mama, usiizungushe ikiwa legelege," akasema. "Ukiizungusha bila mzigo, ya juu itazama katikati ya ya chini. Siku ya mzigo itaumana humo, na siku hiyo hutanikumbuka kwa wema."

Maneno hayo Kapi aliyatia moyoni, na ndiyo yaliyoleta ule mchezo ambao majirani walikuwa wakiuchungulia juu ya ukuta. Kila baada ya kazi alifungua kamba yote uani, akaiosha mchanga, akaipapasa yote kwa kiganja kutafuta nyuzi zilizokatika, akaianika kivulini. Ikikauka, alifunga ncha yake kwenye nguzo ya chuma ya geti. Mumewe akaingia garini akakanyaga breki nusunusu, na Kapi akabonyeza rimoti. Gari likajikokota lenyewe kuelekea getini kama mbuzi anayevutwa sokoni, na kamba ikaingia kwenye ngoma ya winchi, raundi kwa raundi, imekaza kama msuko mpya. Majirani walisema mwanamke huyu kachoka kuvuta magari ya watu, sasa anavuta lake.

Sasa ndani ya nyumba ile aliingia Sabuni.

Sabuni ni mdogo wake mumewe, kitinda mimba wa mama yao, mwenye mvi tayari. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akifua, akipiga pasi na kukunja mashuka mpaka pembe zikutane, hadi mashine mpya zilipoletwa na watu wakapunguzwa. Alirudi nyumbani na mikono isiyojua kukaa bure. Alifua mapazia. Alifua viatu. Watoto walisema paka akimwona anapanda juu ya bati. Mama mkwe ndiye aliyemwomba Kapi amchukue kazini. Alimwomba kwa namna yake, ameketi mlangoni, mkono ameuweka juu ya mkono wa mkwewe: "Unamchukua mzima. Nirudishie mzima." Kapi akacheka akasema, mama, anakwenda kuvuta magari, haendi vitani. Mama hakucheka.

Basi ikatokea juma moja Kapi akashikwa na homa. Kamba ilikuwa imefunguliwa uani, imejaa tope la kazi ya mwisho, na mumewe alikuwa juu ya paa la watu akichomelea. Sabuni akaiona. Akaiosha kwa maji matatu, akaikausha, na ili shemeji yake akiamka asikute kazi, akairudisha mwenyewe: akalegeza klachi ya winchi, akazungusha ngoma kwa mkono, akipanga kila raundi kando ya mwenzake taratibu, kama bandeji kwenye mguu wa mgonjwa. Ule mchezo wa getini alikuwa ameuona, lakini hakuna aliyewahi kumweleza sababu yake. Yeye alidhani ni njia ya kulisogeza gari lipate kivuli.

Kapi alipoamka aliikuta kamba imetulia, nyeupe, raundi zimelala kama kurasa za kitabu kipya. Akajisemea mumewe siku hizi ana mkono mzuri. Hakuuliza.

Siku ya pili yake wakaitwa na muuza maziwa. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara ya mlimani, na pikapu yake ilikuwa imeteleza kinyumenyume mpaka matako yake yakaning'inia kwenye korongo. Upande wa abiria umebanwa na ukuta wa udongo. Upande wa dereva, ukifungua mlango, unakanyaga hewa. Mwenyewe alikuwa ametoka pale ilipoanza kuserereka, akaumia kifundo cha mkono, na ameuweka kifuani kama mtoto mchanga. Gia ndiyo iliyokuwa inaizuia.

Kapi akaweka mawe mbele ya magurudumu ya gari lake mwenyewe, akatandika blanketi zito juu ya kamba kama kawaida yake, la kuizima endapo itakatika, akafunga kulabu kwenye pikapu, akavuta mpaka ikasogea mbele kiasi cha mtu kuweza kuingia. Alihitajika wa kushika usukani na breki. Muuza maziwa hawezi, Kapi ana rimoti. Sabuni akavua kofia, akaingia, akafunga mlango kwa adabu kana kwamba ni gari la bosi, akakanyaga breki, akatoa gia.

Ikaanza kupanda vizuri. Kisha gurudumu la mbele likagonga jiwe lililojificha kwenye tope. Hapakuwa na la ajabu: unairudisha nyuma kidogo, unakata usukani, unavuta tena. Kapi akamwambia Sabuni akanyage breki asubiri, na yeye akabonyeza kitufe cha kuachia.

Ngoma ikazunguka. Kamba haikutoka.

Akaacha. Akasogea, akachungulia. Raundi ya juu ilikuwa imezama katikati ya zile za chini, imebanwa kabisa, na ngoma ilikuwa inaanza kuikunja upande wa pili. Wakati anatazama, kamba ikaruka ndani kwa ndani, *tak*, na pikapu ikashuka kama upana wa kiganja. Udongo wa ukingoni ukamwagika korongoni. Ulichukua muda kabla ya kusikika ukifika chini.

Hakuhitaji kuambiwa. Aliona kamba nzuri, iliyopangwa vizuri mno, na akakumbuka kwamba mumewe hajawahi kupanga kitu vizuri hivyo.

"Shemeji," akaita bila kupandisha sauti. "Kamba hii nani aliizungusha?"

"Mimi," akajibu Sabuni kutoka kwenye usukani. "Ulikuwa unaumwa."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Nimekosea?"

Kapi akamuuliza muuza maziwa kama breki ya mkono inashika, naye akatazama chini akasema hiyo ilikwishakufa zamani, hata mazishi yake hayakumbuki. Basi mguu wa Sabuni ndio uliobaki, na mguu wa mtu huchoka. Akiuinua ili atoke, kamba itaruka tena, na safari hii huenda isiishie kiganja.

Ni lazima iruke. Hilo Kapi alilielewa akiwa bado amechutama. Kamba iliyoumana haitoki mpaka ivutwe na uzito. Swali ni iruke lini, na ikiruka, nini kitaidaka pikapu.

Kando ya barabara palikuwa na kisiki cha mti uliokatwa, kipana kama meza. Akaenda nyuma ya gari lake bila kukimbia, akatoa mkanda mpana wa kuvutia, akauzungushia kisiki chini kabisa karibu na mizizi, na ncha nyingine akaifunga kwenye pete ya mbele ya pikapu. Ulibaki mlegeo wa kama mkono mmoja. Muuza maziwa akauliza kwa nini haukazi. Akamwambia ukikazwa pikapu haitashuka, isiposhuka kamba haitafunguka. Yule akaenda kusimama mbali, akaligeuzia korongo mgongo.

Kapi akaenda kwenye dirisha la upande wa abiria, akainama juu ya ukuta wa udongo. Alimweleza shemeji yake yote taratibu, maana alijua sasa gharama ya kutoeleza. Kwamba nikibonyeza, unainua mguu kwenye breki, wote, sio nusu. Kwamba utaanguka nyuma kidogo. Kwamba mkanda utakudaka.

"Na mkanda ukikataa?" akauliza Sabuni.

Angeweza kumwambia haukatai. Alimtazama yale macho, macho ya mama yake kabisa, akasema, "Ukikataa, kamba yangu bado iko. Na kamba ikikataa, shemeji, mimi sitakuwa na nyumba ya kurudi."

Sabuni akacheka, kicheko kikavu kama kikohozi. "Mama atakuua."

"Atanifua kwanza."

Akarudi kwenye rimoti. Akahakikisha injini yake inaunguruma, betri isije ikamsaliti katikati. Akabonyeza kuachia, ngoma ikaanza kuzunguka, akapaza sauti mara moja tu: "Achia."

Mguu haukuinuka mara moja. Wote waliona. Taa za breki za pikapu ziliendelea kuwaka nyekundu juu ya korongo, na Kapi hakurudia neno, kwa sababu mtu aliye mahali kama pale ukimwita mara ya pili unamvunja. Kisha taa zikazimika.

Kamba ikatoka kwa kishindo cha kitambaa kinachochanwa. Pikapu ikaanguka nyuma, mkanda ukanyooka, kisiki kikalia chini ardhini kama mtu anayetwishwa mzigo mzito. Gurudumu moja la nyuma likabaki hewani, linazunguka polepole. Halafu likasimama.

Yaliyobaki yalikuwa kazi. Alifungua kamba karibu yote, akaacha zile raundi chache za mwisho zinazoshikilia ngoma, akaipitisha kwenye lile kapi lililompa jina, alilolifunga kwenye pikapu, na kuirudisha kwenye gari lake, ili kamba nyingi iwe nje na nguvu iwe maradufu. Sabuni alikata usukani alipoambiwa. Jiwe likapita pembeni. Pikapu ilipokaa barabarani kwa magurudumu yote manne, Sabuni alishuka, akaenda kwenye dimbwi la mvua, akanawa mikono kwa muda mrefu sana. Muuza maziwa akamwambia maji hayo ni ya tope, kaka. Akajibu anajua.

Njiani Kapi alisema neno moja, kwamba kosa ni la wawili: mmoja alizungusha, mwingine alisifu bila kuuliza. Sabuni akasema si kweli, la kwake ni kubwa zaidi.

Asubuhi yake kamba ilikuwa imetandazwa uani, safi, kavu. Mahali ilipoumana palikuwa pamebonyea na nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka; Kapi akakata hapo na kuunga upya, kwa sababu kamba hukatikia pabovu na pabovu alikuwa amekwishapaona. Mumewe alikuwa ndani ya gari tayari, mguu kwenye breki. Ncha imefungwa kwenye nguzo ya geti. Kilichokuwa kinangojwa ni mtu wa kushika rimoti na kuiongoza kamba iingie.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni. Hakuna aliyemsimulia, lakini alikuwa ameuona ule mkanda uliochanika nyuzi ukiwa umeanikwa ukutani, akaupapasa. Sasa alikuwa anamtazama mkwewe.

Sabuni akasogea, akanyoosha mkono. "Nipe mimi, shemeji," akasema. "Sasa najua kwa nini."

Kapi ameshika rimoti, na glovu zake bado zina tope la jana. Mbele yake kuna mkono ulionyooshwa, na nyuma yake kuna mama aliyesema nirudishie mzima. Anayejua makali ya kamba kuliko wote pale ni yule aliyeketi juu ya korongo kwa sababu ya kamba hii. Na kamba hiyo ndiyo itakayomshika mtu mwingine kesho.

Ungekuwa wewe, ungempa?